Pinde Zilikuwa Mbili

Binti yangu Grâce, anayenipigia maandishi haya kwenye kompyuta kwa sababu mimi niliishia darasa la tano na vidole vyangu havijui herufi zilikojificha, ananiambia niondoe majina ya watu. "Mama, they'll get mad," anasema. Kiswahili anakisikia chote, ila kujibu ni Kiingereza. Wakasirike. Miaka kumi na mitatu jina langu mimi limetembezwa kwenye jikoni za Hopkins, kwenye maegesho ya kanisa, kwenye simu za watu walioko Nairobi na Goma ambao hawajaniona kwa macho, na hakuna aliyeuliza kama mimi nitakasirika. Basi andika, Grâce. Andika Josphat, yule Mkenya mwenye nyumba mpya Blaine. Andika Papa Mathayo, kiongozi wa kwaya. Andika na Bahati, ingawa tumemzika juzi tu na ingawa nilimpenda.

Maana ni mazishi ya Bahati yaliyonifungua mdomo. Tulitoka makaburini tukaenda kula kwenye ukumbi wa kanisa hapa Hopkins, fufu na majani ya sombe upande mmoja, wali na nyama vya Wakenya upande mwingine, watu wamevua makoti mazito wameyarundika kwenye viti vya nyuma. Josphat akashika kipaza sauti. Akasema mara ya kwanza kabisa alimjua Bahati ni kazini, Plymouth, na yeye Josphat ndiye alikuwa msimamizi. "Na Bahati alikuwa na uvumilivu, mnanisikia? Kuna dada mmoja tulikuwa naye pale, simtaji, yuko hapa anakula, huyo dada alikuwa anaona kila kitu mara mbili. Ukimpa kikombe kimoja cha chai, anakuuliza nianze na kipi! Na Bahati alimbeba kwa gari kila asubuhi, hakuwahi kulalamika." Ukumbi ukacheka. Walicheka hata watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule. Mimi nilikuwa na tonge la fufu mkononi. Nikalirudisha kwenye sahani, nikapangusa vidole, na nikanyanyuka. Nitasema nilichofanya, lakini kwanza mjue mwaka wenyewe, maana bila mwaka ule mtadhani nilikuwa mwanamke mwenye fujo tu anayeharibu matanga ya watu.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na miezi minane tu hapa Minnesota. Nilivyotoka Goma, nani alibaki njiani na nani alinifikisha, hayo siyasemi hapa. Nilikuwa hai, nina mtoto mmoja mgongoni, na nilitaka kazi isiyokuwa ya kuinua vitu kwa sababu bega langu la kushoto lilishavunjwa na watu. Papa Mathayo ndiye aliyenipeleka. Aliwapeleka wengi, kusema kweli, nusu ya kwaya yake. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya jengo la kutengeneza mirija ya plastiki ya hospitali. Hakikuwa na dirisha hata moja. Kilikuwa na meza kumi na mbili kwa safu tatu, kila meza na kompyuta yake, kapeti ya rangi ya majivu, mikrowevu juu ya kabati na karatasi ukutani inayokataza kupasha samaki, ambayo iliwekwa wiki ya kwanza kwa ajili yetu. Mbele kulikuwa na ofisi ya Josphat yenye kuta za kioo, mlango haufungwi. Aliyekuwa akitoka nje wakati wa baridi kuvuta hewa alirudi na theluji kwenye nyusi, na sisi ndani tulikaa na sweta moja tu, kwa jinsi mashine za jirani zilivyotutilia joto ukutani.

Nikimweleza mtu kazi yenyewe hanisadiki. Tulilipwa kutazama anga ya usiku, mchana. Kaskazini kabisa mwa Kanada, mahali ambapo karibu hakuna mtu anayeishi, walikuwa wameweka kamera juu ya mapaa ya vibanda, zinatazama juu tu na kupiga picha kila baada ya sekunde chache, msimu mzima wa giza. Lenzi yake inameza anga yote toka ukingo hadi ukingo, kwa hiyo picha inatoka duara, kama umechungulia ndani ya sufuria kubwa nyeusi. Mara nyingi sufuria ni tupu. Mara nyingine ina wingu, mara nyingine mwezi umeharibu kila kitu. Na mara nyingine unakuta mwanga wa kijani umejinyoosha toka mashariki hadi magharibi, mwembamba, umetulia, umepinda kidogo kama ukingo wa ungo. Huo waliuita upinde. Upande wa pili wa kioo cha kompyuta walituwekea picha ya dakika ileile iliyopigwa na setilaiti inayopita juu ya ncha ya dunia, na hapo upinde uleule ulionekana kama mstari mnene wa chaki juu ya ubao mchafu. Kamera ya chini inaona kipande kidogo cha anga lakini inaona vizuri. Setilaiti inaona taji lote la mianga ya kaskazini kwa mara moja, lakini kwa mbali. Aliyezitaka hesabu hizo alikuwa mama mmoja mzungu, mwanasayansi, tuliambiwa anaitwa Daktari Ingrid. Alitaka kujua jambo moja: pinde hizo zinasimama moja moja au zinasimama mbili mbili, na setilaiti inaziona zote au inaziruka. Kompyuta ilikuwa ikichanganya upinde na wingu lililomulikwa na mwezi. Macho ya mtu hayachanganyi. Ndiyo maana walituajiri.

Vitufe vilikuwa vinne. Sifuri, hakuna kitu. Moja, upinde mmoja. Mbili, pinde mbili au zaidi. Tatu, wingu. Kila picha ilipita kwetu wote kumi na wawili, kila mtu ajibu peke yake, ndipo majibu yalinganishwe. Ukitofautiana na wenzako, kioo chako kilitoa mstari mwekundu chini, na mistari ikizidi unarudishwa nyumbani. "Kila mtu macho yake," Josphat alituambia siku ya kwanza, anatembea kati ya meza na kikombe chake cha kahawa. "Hakuna kuangaliziana kama mtihani wa darasa la nane. Hii ni kazi ya ku-click tu, lakini mu-click na akili." Nilimpenda siku ile. Alivaa tai, alizungumza na wazungu bila kuinamisha kichwa, nikafikiri, huyu mtu ni wetu.

Sasa lile kosa letu, nalisema kwa sababu na mimi nilikuwemo. Kulikuwa na Mama Sikujua, mjane, macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu, na hakumwambia mtu kwa kuogopa kufukuzwa. Alikaa nyuma ya Papa Mathayo. Papa akaanza kumnong'onezea: moja, Mama. Sifuri, Mama. Wa pembeni wakasikia, nao wakaona ni rahisi. Baada ya wiki mbili Papa hakunong'ona tena. Alifanya kama kwenye mazoezi ya kwaya: anainua penseli, anatazama picha, anavuta pumzi, halafu anatupa namba kwa sauti yake ile nene, "Moja!" na vidole kumi na viwili vinashuka pamoja. Mngeisikia toka mlango wa pili mngedhani ni ibada. Hakuna mstari mwekundu uliotokea tena katika chumba kile. "Tukitengana watatutoa mmoja mmoja," Papa alituambia tukila. "Tukienda sauti moja hakuna wa kutugusa. Sivyo tulivyofika hapa?" Na tulimwitikia, ndiyo Papa. Tuliona ni upendo. Mimi leo nimekasirika kiasi hiki na bado sina jina lingine la kuliita jambo lile. Na Josphat? Mlango wake ulikuwa wazi, na Kiswahili ni chake tangu tumboni. Alisikia kila namba. Alichofanya ni kuhakikisha picha zinatujia sote kwa mpangilio mmoja, zisipishane, ili kwaya isipotee njia. Chumba chetu kikasifiwa kwa kukubaliana kuliko vyumba vyote vya kampuni. Wakamletea cheti, akakitundika pale kwenye kioo, uso wa cheti ukitutazama sisi.

Miezi mitatu nilibonyeza pamoja na wenzangu. Halafu ukaja mwezi wa Februari, wiki ambayo gari la Bahati liligoma kuwaka asubuhi mbili mfululizo kwa baridi, na siku ya tatu tukafika kazini tumechelewa, tunanuka petroli. Bahati alikaa meza ya kushoto kwangu. Alikuwa amesoma, yeye; Bukavu alikuwa amefika kidato cha nne, Kiingereza alikijua, ndiye alinijazia fomu zangu zote, na alikuwa na kicheko cha kupasua chumba. Tulikaa, Papa akainua penseli. "Sifuri. Sifuri. Moja." Na mimi kidole kiko juu ya kitufe nikaona kitu.

Mtu wa Goma hafundishwi mwanga wa angani. Sisi tumekua chini ya mlima unaowaka. Nyiragongo ikiwa na moto ndani, usiku inapaka mawingu rangi nyekundu, na watoto wa mtaani kwetu tulikuwa tukibishana uani: ule ni moshi, ule ni wingu limepakwa, ule ni mwanga mtupu. Na tulikuwa na njia yetu ya kukata ubishi. Tafuta nyota. Wingu linameza nyota. Mwanga mtupu hauzimezi, nyota inapita katikati yake kama taa nyuma ya pazia. Basi kwenye ile picha kulikuwa na upinde mkali wa kijani, huo kila mtu aliuona, na chini yake kidogo, upande wa kusini, kulikuwa na kitu hafifu kama maji yaliyosuuzia kikombe cha maziwa. Kimenyooka sambamba na mwenzake. Mtu angesema wingu jembamba. Lakini ndani yake kulikuwa na nyota tatu ndogo zimekaa mshazari. Picha iliyofuata, nyota zimesogea unywele mmoja, kile kitu hakijasogea. Inayofuata, vilevile. Nikaweka kidole changu kwenye kioo nikazihesabu kimya kimya kama mtoto. "Moja!" akasema Papa Mathayo. Nikabonyeza mbili.

Mstari mwekundu. Halafu kwa mara ya kwanza vioo vyote vya chumba vikatoa mistari, kwa sababu kumi na mmoja wamesema hivi na mmoja amesema vile. Papa akageuka na kiti chote. "Nani amekosea kitufe?"

"Sijakosea, Papa. Iko mbili."

"Iko wapi?"

"Hapa chini. Nyota zinaonekana ndani yake."

Hakuja kutazama. Hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo, meza yangu ilikuwa hatua nne tu. Alitazama picha ya setilaiti kwenye kioo chake mwenyewe, ambako kuna mstari mmoja mnene. "Ile ya juu inaonyesha moja," akasema. "Tuendelee." Na nikaendelea, lakini kila nilipoona mbili nilibonyeza mbili. Siku ile, na kesho yake, na wiki ile yote. Sikuwa nataka vita. Ni kwamba nilikuwa nimeona, na kidole kikakataa kurudi kwenye moja. Katika maisha yangu nilishawahi kuambiwa sikuona nilichoona, na watu wenye bunduki, na wakati ule nilikubali ili nipone. Pale Plymouth hakukuwa na bunduki. Nilifikiri, sasa kama hata hapa nitakubali, nitakataa wapi?

Waliniita Mbili-Mbili. "Mbili-Mbili, tuletee chumvi, lete moja tu!" Kwanza ni mzaha, halafu sombe ikawa inazunguka meza nzima ya chakula na inaishia kabla ya kunifikia. Mama Sikujua aliacha kunisalimu. Naye nilimwelewa, mimi nikishinda yeye hana macho ya kujibu peke yake. Garini Bahati alikuwa anazima redio ili anisihi. "Dada, bonyeza moja. Ni kitufe tu. Mungu hatakuuliza habari ya Kanada."

"Wewe unaona ngapi, Bahati?"

"Mimi naangalia barabara."

"Kazini. Unaona ngapi?"

Akawasha redio.

Josphat akaniita ofisini. Cheti chake kilikuwa nyuma ya kichwa chake, na pembeni picha kubwa ya setilaiti, dunia imevaa lile taji. "Mama Grâce, wacha nikuambie ukweli kama dada yangu," alianza. "Hii kitu iko juu. Juu kabisa. Inaona dunia yote mara moja. Wewe uko chini, Plymouth, kwa kiti. Sasa nani atakuwa sahihi?"

"Na ile kamera iko juu ya paa, nayo iko chini. Mbona mmeinunua?"

Akacheka kidogo, si cheko la furaha. Akanisogezea karatasi ya Kiingereza na kalamu. Akasema Daktari Ingrid anakuja mwenyewe, ameona namba za ajabu kutoka meza ya sita, na meza ya sita ni yangu. Nitie sahihi tu tumalize. Nikamwambia nitaisoma kwanza. Akanitazama, anajua darasa langu. Nikampelekea Bahati karatasi kwenye choo cha wanawake, akaisoma amesimama kando ya sinki. "Inasema ulikuwa umechoka, ulikuwa unabonyeza bila kuangalia."

"Mimi nimechoka?"

"Kavira, sisi tuko kumi na wawili. Wakianza kuuliza vile tunafanya kazi, tumekwisha sisi wote. Watoto wangu wanne, wako mmoja, wa Mama Sikujua... unatuletea nini hii?"

Hapo ndipo mjue nilikuwa nimesimama wapi. Kuthibitisha kwamba niliona, ilikuwa rahisi sana: nimwambie yule mzungu kwamba wale kumi na mmoja hawakutazama kabisa, Papa aliwapa sauti. Lakini hiyo ilikuwa kuwatia watu wangu barabarani katikati ya baridi. Na kutia sahihi ilikuwa kusema mimi ni mwongo. Nilishatia kidole gumba kwenye karatasi nisiyoijua, kambini, na karatasi ile ilinila mwaka mzima. Nikaikunja hii ya Josphat mara nne nikaiweka ndani ya kiatu.

Daktari Ingrid alikuja asubuhi ya Jumanne. Mrefu, mzee, viatu vikubwa vya theluji, kopo la biskuti kwapani alilolipitisha meza kwa meza kabla ya kusema neno. Halafu akauliza namba sita ni nani. Kila mtu akatazama vitufe vyake. Josphat akasimama kati yetu, akazungumza haraka haraka, lakini katikati ya Kiingereza chake nikalikamata neno moja: tired. Hilo nalijua. Nilishasugua sakafu za hoteli, tired ni neno la kwanza nililojifunza Amerika. Nikasimama. "No tired," nikasema. "Star." Nikamshika mkono, mwanamke mkubwa vile, nikamvuta mpaka kwenye kioo changu, nikatafuta picha, nikaweka kidole. One. Two. Three. "Cloud, no star. Here, star." Aliinama mpaka miwani yake ikakaribia kugusa kioo. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipita picha baada ya picha, anafuata zile nyota tatu, na nilisikia anapumua kwa pua kama mtu anayenyonya uzi kuuingiza kwenye sindano. Kisha akaniuliza kitu. Josphat hakutafsiri. Akauliza tena, na Bahati, kwa sauti ndogo sana, akasema: "Anauliza kama wenzako waliona."

Chumba kizima kikageuka kunitazama. Papa Mathayo alikuwa ameshika penseli kwa mikono miwili. Nikamjibu kupitia Bahati, na maneno yenyewe nayakumbuka hivi nilivyoyasema: "Mimi najibu macho yangu. Wengine awaulize wenyewe." Hayo tu. Sikuongeza. Akawauliza, mmoja mmoja, na wao kwa hofu wakajibu kwaya ileile. One. One. One. Akafika kwa Bahati. Bahati alitazama picha. Ninasema aliitazama, siyo kama wengine. Akasema, "One."

Yule mama hakugomba. Alichukua karatasi akachora nukta, na Bahati akalazimika kututafsiria: nukta moja ya picha ile ya setilaiti, kule juu, inafunika eneo kubwa kama Minneapolis na Saint Paul zikiwekwa pamoja. Vitu viwili vyembamba vikikaa karibu ndani ya nukta hiyo, vinatoka kimoja. Ndiyo maana alitaka watu. Halafu akamwambia Josphat achanganye picha, kila meza ipate mpangilio wake. Josphat akasema kesho. Yule mama akasema hapana, sasa hivi, nangoja, na akafungua kopo la biskuti akala moja.

Saa moja ile ndiyo saa ndefu kuliko zote nilizokaa kwenye kiti. Papa aliinua penseli, akaona hakuna wa kumpa sauti, kila mtu ana picha yake. Akaishusha. Nikaanza kusikia vitufe vikilia kimoja kimoja, hapa, pale, kimya, pale tena, kama mvua inavyoanza kwenye mabati. Mama Sikujua alikuwa analia na kubonyeza chochote. Daktari Ingrid alisimama nyuma yake kidogo, akaelewa, akamgusa bega, na akaondoka bila kusema kitu kwa mtu ila mimi. Aliniomba jina. Bahati akamtajia herufi zake. Kama alikuja kuliandika mahali, sijui. Sijawahi kulitafuta.

Baada ya wiki mbili chumba kikafungwa, sote kumi na wawili tukatolewa. Josphat hakupoteza kitu, kampuni ilimhamishia kwingine na baadaye akafungua biashara yake ya kutunza wagonjwa majumbani. Lakini Jumapili ile ya kwanza alisimama mlangoni mwa kanisa akawaambia watu kwa huruma, kwa huruma kabisa: "Ni vile mmoja wetu aliamua kuongea." Na Papa Mathayo akaomba mbele ya wote kwa ajili ya wanaouza ndugu zao. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Grâce wangu alipofika umri wa kuimba kwaya ya watoto, nafasi ikawa imejaa. Nilipotafuta lifti nikaambiwa gari limejaa. Nikajifunza basi, nikapata kazi ya kukunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na ndipo nilipo mpaka leo, na mashuka yangu yamenyooka. Kitu kilichonila kilikuwa kimoja. Sikuongea. Na mtu aliyejua vizuri kuliko wote kwamba sikuongea alikuwa Bahati, maana kila neno langu lilipita mdomoni mwake. Miaka kumi na mitatu alinisalimu kwenye duka la nyama huku anatazama mizani.

Kisha jua likakasirika tena, wanavyosema, na zile taa za angani zikashuka mpaka kwetu huku, watu wa Minneapolis wakawa wanasimama vibarazani na simu zao. Bahati alikuwa tayari hospitalini. Aliniita. Nilikwenda mchana baada ya kazi, nikamkuta mwembamba kama mpini, ile sauti ya kupasua chumba imeisha, na simu iko juu ya kifua chake. Mwanawe Eliya alikuwa amepiga picha Blaine, juu ya paa la jirani. Bahati hakunisalimu. Akanipa simu. "Hesabu," akasema.

Nikahesabu. Mmoja mkali, na chini yake mwingine hafifu, nyota zimo ndani.

"Mbili," nikasema.

"Ni mbili. Na wakati ule ilikuwa mbili, Kavira. Niliona toka siku ya kwanza."

Nikamuuliza kwa nini basi. Akafumba macho. "Lile gari halikuwa langu. Lilikuwa la Papa Mathayo." Sikumwambia nimemsamehe. Kulikuwa na uji umepoa pale mezani, nikaupasha nikamlisha, kijiko kwa kijiko, mpaka akasema basi. Akanitumia ile picha. "Uwaonyeshe," akasema, na yeye ndiye aliyesema, siyo mimi.

Kwa hiyo pale ukumbini, Josphat akiwa bado anacheka na kipaza sauti, nilikwenda meza kwa meza na simu mkononi. Kati ya wale kumi na wawili, sita walikuwapo ukiniacha mimi. Nikaanza na Mama Sikujua, alishafanyiwa upasuaji, anaona kuliko mimi. "Mama, hesabu mianga."

Papa Mathayo alikuwa kiti cha pili. Mkono wake ukapanda wenyewe, na uma ndani yake.

"Papa, shusha mkono," nikamwambia. "Zamu yako inakuja."

"Iko mbili," akasema Mama Sikujua.

Aliyefuata akasema, "Deux," halafu akasema tena kwa Kiswahili, kana kwamba ningebisha. Mbili. Mbili. Ukumbini watu walikuwa wameanza kunong'ona, wanaulizana kuna nini. Papa Mathayo aliishika simu karibu na uso, mzee sasa. Akasogeza picha kwa kidole, akaitazama tena, na hakuvuta pumzi kama zamani. "Mbili," akasema, kwa sauti ambayo isingefika hata meza ya jirani.

Nikafika kwa Josphat. Kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka, kwa hiyo kila mtu alimsikia. "Mama Grâce, hii ni matanga, tafadhali. Na mimi sina miwani hapa. Tutaongea baadaye."

Nikavua miwani yangu. Nikaipangusa kwa pindo la kitenge, upande mmoja, upande wa pili, nikaiweka kwenye sahani yake juu ya wali, na simu kando yake.

"Kila mtu macho yake," nikamwambia.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Mashuka hayanihitaji mpaka Jumatatu.